Msimwinue

Binti yangu aliweka sharti mwenyewe. "Mama, njoo Jumamosi uone. Ukitoka pale ukasema niache kucheza, naacha. Sitabisha tena."

Nikamshika hapo hapo. "Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Jibu nilikuwa nalo tayari. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, huu mwaka wa kumi na nane. Miaka miwili iliyopita kano ya goti lake la kushoto ilikatika akiwa mazoezini. Akafanyiwa upasuaji, halafu nikamsimamia mwenyewe miezi saba, sebuleni, juu ya mkeka. Alipoanza kutembea sawasawa nikamwambia dansi basi. Akaitikia. Mwezi uliopita nikagundua amerudi kwenye kikundi chake kwa siri, na nguo za mazoezi anafulia kwa shangazi yake.

Huyo shangazi, wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenisindikiza. "Nimekuja kuhakikisha humpigi mtu," alisema.

"Nimpige wa nini? Nitasema neno moja, yaishe."

Nilitarajia jukwaa, pazia, ngoma, nguo za kumetameta. Tukakuta ghala lililopakwa rangi nyeusi, viti vya plastiki pande tatu, sakafu ya mbao katikati. Saa tisa kamili wakatoka watu wanane, pekupeku, wamevaa fulana na suruali zilizopauka. Wakasimama. Muziki hakuna.

"Wifi," mwenzangu akaninong'oneza, "wameanza, au wanasubiri umeme urudi?"

"Sijui."

"Na hizo suruali hazina hata pindo. Si wangeniletea?"

"Nyamaza."

Ndipo nikasikia kwamba wanapumua pamoja. Vifua vinane vinajaa, vinashuka. Kisha mmoja akainua bega, bega tu, na lile bega likapita kwa wote kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. Nikasahau kuegemea kiti.

Miili naijua. Kila siku nashika migongo iliyokakamaa na viuno vilivyogoma, napima goti linakunjika kiasi gani, naandika kwenye faili. Mwili kwangu ni kitu cha kutengeneza. Sikuwahi kuuona umeachiwa. Jamaa mmoja mnene, ambaye kwangu ningempa fimbo ya kutembelea, alikimbia akajirusha hewani kinyumenyume, na wenzake wakampokea bila hata kumtazama. Visigino viligonga mbao nikavisikia kifuani. Wanasema nini, sikuelewa, na ajabu ni kwamba sikutaka mtu anielezee. Vinyweleo vilinisimama.

Binti yangu akatoka kundini akazunguka. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu mguu wa kushoto ukamkatalia, akaanguka. Kishindo kile nakijua: nyonga, kiwiko, halafu kimya. Wenzake wawili wakamkimbilia wamenyoosha mikono.

"Msimwinue!" Sauti iliyonitoka ni ile ya wodini. "Msimguse! Mwacheni alivyo!"

Nilikuwa nimeshapita safu ya mbele, niko katikati ya taa, mkoba umedondoka sijui wapi. Ukumbi mzima unanitazama. Wale wawili wakasita, macho kwangu, halafu wakaishusha mikono polepole kana kwamba ndivyo walivyopangiwa. Hawakumgusa.

Binti yangu akafungua jicho moja. Nilikuwa hatua mbili kutoka alipolala. Hakuwa ameumia. Alikuwa kazini.

Kurudi kitini nisingeweza bila kuwakatiza, basi nikabaki nimesimama pale, mikono imening'inia kama mwizi aliyekamatwa. Na kwa kuwa nilikuwa karibu, niliona yote. Aligeukia ubavu. Akaweka kiganja chini. Akavuta goti la kulia, lile zima, akasubiri pumzi mbili, ndipo akauleta mguu wa kushoto, vidole kwanza. Ndivyo nilivyomfundisha kuinuka ile miezi saba. Ndivyo ninavyowafundisha wagonjwa wote, kwa sauti iliyochoka, huku natazama saa. Yeye alikuwa ameichukua ile subira ya pumzi mbili akairefusha mpaka watu wakaacha kukohoa. Paja lilimtetemeka. Jasho likadondoka kwenye mbao, tone moja, nikalisikia. Wenzake saba wakajilaza chini, wakageukia ubavu, wakaweka viganja. Wakainuka vile wote wanane, taratibu, kama vile ndiyo mara ya kwanza binadamu anasimama duniani.

Nilikuwa nalia, na mimi si mtu wa kulia.

Makofi yalipokwisha bwana mmoja mwenye miwani akaja kunipa mkono. "Mama, ile sehemu yako imenigusa sana. Mmeifanyia mazoezi muda mrefu?"

"Miezi saba," wifi akamjibu, uso mkavu.

Tukamkuta binti yangu chumba cha nyuma, kwenye benchi, kajitupia taulo shingoni. Hakutabasamu. "Haya, mama. Sema."

Lile neno moja nikalitafuta, sikuliona. Nikapiga magoti, nikamkunjia suruali, nikaliminya goti kwa vidole gumba.

"Limevimba kidogo," nikasema. "Na lina moto."

Akainamisha kichwa. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo barafu, dakika ishirini, kila ukitoka kucheza. Na kwenye ule mzunguko wa tatu unalibebesha goti kazi ya nyonga. Paja lako halijawa na nguvu hizo. Jumatatu tunaanza kulijenga, na ukinificha tena maumivu nitakuja kusimama katikati yenu kila siku."

"Mama, hiyo ndiyo ruhusa?"

"We mtoto," wifi akadakia, "umeshapangiwa mpaka barafu, unataka na mhuri?"

Akacheka, kicheko kikageuka kilio. Nikaendelea kulishika lile goti kwa mikono miwili, nalitazama.