Eksirei Iliyoliwa na Mbuzi

Wakwe zake Salah walimtaka aende kwao Kotile wiki nzima kusaidia kuchimba silanga la kunyweshea mifugo. Mama mkwe wake, Maka, alikuja mwenyewe Garissa kumchukua. Salah hakutaka kwenda. Asubuhi ya safari alijifunga mkono kwa leso, akamwambia mkewe, Fowsiya, kwamba aliteleza jana akitawadha, akavunjika, na ameshapigwa picha katika kliniki moja huko sokoni. Ushahidi alikuwa nao: nusu ya filamu ya eksirei. Nusu nyingine, alisema, imeliwa na mbuzi wa jirani.

Fowsiya mwenyewe alikuwa mpiga eksirei katika zahanati moja ya mtaa wa Waberi. Aliinua ile filamu dirishani. Mbuzi huyo alikuwa ametafuna kwa mstari ulionyooka kabisa, tena alianzia kwenye jina la mgonjwa. Fowsiya alimpa mumewe pole, akammiminia chai, akaondoka na filamu kazini.

Wiki hiyo zahanati ilikuwa ikijaribu programu mpya ya kompyuta. Ukiipa kipande cha umbo la mfupa, hufuata kingo na mipindo yake, kisha hutafuta katika picha za zamani umbo zima linalolingana nacho. Fowsiya aliingiza ile nusu. Baada ya muda kompyuta ilileta picha moja, ikailaza juu ya kipande, na mistari ikashikana, hata pale mfupa ulipowahi kuvunjika ukaunga kwa kupinda. Fowsiya alisoma jina, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Wakati wa chakula cha mchana alirudi nyumbani, akawaeleza Salah na Maka.

“Kompyuta imempata mwenye mkono,” alisema. “Ni mama.”

Maka alikuwa ameanguka miaka miwili nyuma, akatibiwa zahanati hiyo hiyo, na picha zake akaziacha kabatini mwa Fowsiya na Salah. Salah aliinamia sahani. Maka aliipokea filamu, akaigeuza huku na huku.

“Kumbe mkono wangu umehamia kwako,” alisema taratibu. “Basi na kazi zake zihamie.”

Salah aliifungua leso, akapanda gari. Huko Kotile asubuhi alichimba na wanaume; alasiri akamchotea Maka maji na kumkamulia mbuzi, naye Maka akielekeza kutoka kivulini. Mashemeji walimuuliza kila siku, nyuso kavu, kama mkono wa mama unaendelea vizuri. Kufikia siku ya nne alikuwa ameanza kuipenda kazi ile, lakini hilo hakumwambia mtu.