Jani la Isale Kutoka Kwenye Kompyuta

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya ofisi ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, huko Machame ilikufa kwa mara ya sita. Ilikufa kila lilipotafutwa jina la Yuditha, mjane wa Efraimu, ambaye tangu saa mbili alikuwa kwenye benchi akisubiri hati ya kihamba alichoachiwa na mumewe.

Fundi Elifuraha alipanda kutoka mtaa wa Soweto kule mjini na begi la nyaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imekufa, au imezimia?"

"Imekufa. Kiini cha Linux, ile programu inayoiendesha, kikianguka, kinaondoka na yote kiliyokuwa kinawaza."

Kwa hiyo alitenga kona ya kumbukumbu, akalaza humo kiini kingine kidogo, ambacho kazi yake ni kuamka kile kikubwa kikifa na kuandika kila kilichokuwemo kichwani mwa marehemu.

"Basi kiandike vizuri," alisema Yuditha.

Karani Aminieli, ambaye ni shemeji yake Yuditha, aliandika jina taratibu. Kompyuta ikafa. Elifuraha alitegemea faili, lakini kwenye tundu la diski lilichomoza jani bichi la isale, mmea wa mipaka ya vihamba, lenye maandishi pande zote mbili. Alipekua kitabu cha maelekezo, hakuona habari za majani, akajaza fomu: Imefanikiwa.

Jani lilieleza kwamba tarehe kumi na nne Februari, saa kumi jioni, Aminieli alifuta jina la Yuditha kwenye hati ya kihamba, akaandika lake mwenyewe.

Aminieli alilisoma mara mbili. Hakukana. Alipiga goti, akamkabidhi Yuditha jani lile kwa mikono miwili.

Uchaggani ukiletewa isale, umeombwa msamaha, na hukatai. Kwa hasira Yuditha alitaka kulirudisha, lakini mikono ilishapokea.

"Elifuraha, hapa nimepokea ushahidi, au nimesamehe?"

"Mama, mimi ni fundi wa kompyuta tu."

Aminieli alimshukuru shemeji yake, akarudi kitini. Alisema jambo likishasamehewa halifunguliwi tena, na jina kwenye hati likabaki lake. Kompyuta haikufa tena.

Yuditha alilipanda isale lile mpakani mwa kihamba. Lilishika vizuri. Kila jani jipya lilitoka na maandishi yaleyale, tarehe na saa, na yeye alilipalilia akiwa amesimama upande wa nje.