Simu Moja ya Lubondja

Pulchérie alipewa kazi ya kuchagua fomu, na ukimwambia mtu wa Baraka, ule mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba kuna kazi ya namna hiyo, atakucheka mpaka machozi yamtoke. Mwaka ule wa 2017 bunduki zilikuwa zikilia milimani, watu wanateremka kutoka Fizi na magodoro kichwani, na yeye amekaa bironi, yaani ofisini, akilinganisha fomu za mtandaoni kama mtu anayechagua kitenge cha harusi. Lakini kazi ni kazi. Alikuwa mkufunzi wa kampuni moja ya taa za jua, na wakubwa wa Bukavu, makao makuu ya mkoa, walikuwa wameamua kwamba mawakala wote wanaouza taa vijijini watafanya mafunzo na mtihani kwa simu. Atakayefaulu ataendelea kuuza. Atakayeshindwa atarudisha taa zote pamoja na kofia ya kampuni.

Amri hiyo ilitoka kwa Directeur Anatole, mkurugenzi ambaye tangu aanze kuongoza hakuwahi kukanyaga Baraka. Kila alipoalikwa, barabara ilikuwa mbaya, au tumbo lilikuwa linamsumbua.

"Madame, unichagulie outil moja, fomu ya muzuri kabisa," alimwambia Pulchérie kwa simu. "Ukinifanyia ile kazi muzuri, nitakuleta huku Bukavu, uongoze formation, mafunzo ya province nzima."

Maneno hayo yalimwingia Pulchérie mpaka kwenye mifupa. Alikuwa na watoto wawili, Clarisse na Bienfait, na tangu mapigano yaanze upya watoto hao walikuwa wanalala na viatu miguuni. Hakuna aliyewafundisha, waliona wenzao wa jirani wakifanya hivyo. Baba yao alikwenda kuchimba dhahabu Misisi akapotelea huko, na hakuna aliyerudi na habari yake, njema wala mbaya. Bukavu si peponi, lakini kule mtoto huvua viatu akalala. Pulchérie aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote, na sijui ni mzazi gani angemlaumu kwa kuitaka.

Alijaribu fomu tatu. Moja tusipoteze muda nayo, maana iliganda katikati ya maswali na kumrudisha mwanzo kama mwanafunzi mtukutu. Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa na sura ya karatasi ya hospitali, kijivu tupu, haina pambo hata moja. Lakini ilikubali kujazwa pasipo rezo, yaani mtandao, ikatunza majibu yenyewe mpaka siku ambayo simu ingefika penye rezo, ndipo iyatume. Na simu moja ingeweza kuhudumia kijiji kizima, mtu baada ya mtu.

Ya pili ilikuwa mrembo. Ilivaa rangi za kampuni, ikasahihisha mtihani papo hapo, ikatoa cheti chenye jina lako na mhuri, na huko Bukavu ikamchorea mkubwa michoro ya kupendeza ya nani amefaulu na nani amelala. Tena ilikuwa na kufuli: simu moja, mtu mmoja. Mwingine akijaribu kujibu kwa simu hiyo hiyo, majibu yote yaliyotoka humo yanageuka mekundu, na pembeni yanaandikwa neno udanganyifu.

Sasa, mawakala wa kijiji cha Lubondja walikuwa saba, na simu kubwa ya kuingia mtandaoni walikuwa nayo moja. Wasingeweza kufanya vingine. Kwenye bariyeri, vile vizuizi vya njia ile, wenye sare na wasio na sare walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kupenda simu za watu. Ukikutwa na simu kubwa, wanaichukua, kisha wanakuuliza umempiga picha nani na unamtumia nani, na jibu lolote utakalotoa ni baya. Basi wale saba wakakubaliana: kila mtu atembee na kasimu kake ka vitufe, na ile kubwa moja ibebwe na Émilienne, mkuu wa kundi lao, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgongoni. Kitenge cha kumbebea mtoto kilikuwa hakijapekuliwa bado.

Pulchérie hakuhadithiwa mambo hayo. Kiangazi alikwenda mwenyewe kuwafundisha, Émilienne akampokea njiani, na kabla ya bariyeri akanyoosha mkono bila maelezo, akaichukua simu ya Pulchérie na kuiteremsha katikati ya mgongo wake na tumbo la mtoto.

"Mutoto akikojoa, utanisamehe, Madame," alisema.

Mtoto akakojoa kweli. Walicheka njia nzima mpaka Lubondja, na simu ikaanikwa juani pamoja na muhogo.

Kwa hiyo siku ya kikao cha mtandaoni na Bukavu Pulchérie alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa anakwenda kuitetea ile fomu ya kijivu. Alizionyesha zote mbili kwenye kioo cha kompyuta, na Directeur Anatole akaijia ile mrembo moja kwa moja.

"Na hii, batu banaweza kudanganya?"

"Hapana, Directeur. Ni simu moja, muntu moja. Lakini..."

"Ah, voilà! Voilà!" Alipiga meza. "Bale ba Uvira, bale ba Kalehe, kila muntu analeteaka mi shida tu. We ndo wa kwanza kuniletea jibu."

Lile lakini lilibaki mdomoni mwa Pulchérie. Aliliuma, akalimeza. Ulikuwa woga, tusiupambe: woga wa kuwa mwenye shida mbele ya mtu aliyeshika tiketi ya watoto wake.

"Tutwae hii ya pili," akasema.

Akajifariji kwa njia ambayo watu wa biro hujifariji, yaani akaandika maelekezo. Aliwatumia mawakala wote ujumbe kwamba kila mmoja atumie simu yake mwenyewe. Alijua kuna ambao hawana. Alituma hivyo hivyo, kisha akaenda kuwapikia watoto.

Siku ya mtihani ilikuwa asubuhi ya jua. Kundi la Lubondja lilipanda mlimani, mahali ambapo rezo hushika kidogo, wakaketi kwenye majani wakapokezana simu kama watu wanaokunywa kwa kikombe kimoja. Ule ujumbe wa kila mtu na simu yake waliuona, wakadhani unawahusu watu wa mjini. Huko Baraka, Pulchérie aliyakodolea macho majina yakiingia moja moja. La Émilienne lilikuja la kijani. Likafuata la kijana Bertin, na hapo yote mawili yakageuka mekundu. Kila jina jipya la Lubondja lilizaliwa jekundu. Alama zao zilikuwepo pembeni, kwa maandishi madogo, na zilikuwa alama nzuri. Hakuna mtu wa Bukavu aliyezitazama.

Saa sita haijafika, Directeur akapiga.

"Unaona, Madame? Ile machine inakamata bezi! Saba, kijiji kimoja! Bote batoke."

Hapo tena Pulchérie alikuwa na nafasi. Angeweza kusema hawa si wezi, hawa wanaficha simu ili wasiuawe. Maneno hayo si mengi. Lakini yule bwana hakuwa amemaliza.

"Na we, ujitayarishe. Juma ijayo utapanda boti na batoto mupaka Uvira, gari yetu itabangojea pale."

"Merci, Directeur," akasema Pulchérie.

Lubondja walipelekewa ujumbe wa maneno machache: hamkufaulu, rudisheni vifaa.

Siku mbili kabla ya safari, Pulchérie akiwa anafunga mizigo, alisikia hodi. Alikuwa Émilienne, miguu imejaa vumbi la njia, mtoto mgongoni, na mkononi kuku jike aliyefungwa miguu. Clarisse na Bienfait walimrukia kuku kwa furaha.

"Karibu, Mama Fabien," Pulchérie alisema, akimwita kwa jina la mwanawe.

Émilienne hakukubali kukaa kabla ya kutoa ujumbe wake.

"Madame, tumesikia kama tulianguka. Benzangu bamenituma. Ya kwanza, banasema aksanti, juu ulitufundisha muzuri. Hii kuku ni ya kundi nzima. Ya pili, banauliza: tulikosea swali gani? Tunataka tujifunze tena."

Pulchérie angeweza kutaja swali lolote. Swali la waya, swali la garantii, lolote lingetosha, na mama huyu angelishika akaondoka nalo. Lakini kuku alikuwa anapiga mabawa sakafuni, na uongo ukamkataa.

"Hamukukosea. Mulijibu muzuri bote. Ni juu ya simu. Ile fomu haikubali batu wengi kwa simu moja. Inasema ni bwizi."

"Sasa si ubaambie Bukavu? We unajua namna tunaishi."

"Nilijua."

"Ulijua siku ya mutihani?"

"Nilijua siku ya kuchagua, Mama Fabien. Kulikuwa ingine yenye ingewafaa. Niliiacha."

Émilienne aliitazama mizigo iliyofungwa kamba, akawatazama watoto, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Pulchérie alingoja matusi. Aliyataka, kwa kweli, yangempunguzia. Yalipokosa kuja, aliinama akamwokota kuku na kumrudishia.

"Rudi naye. Sistahili."

"Hapana." Émilienne aliusukuma mkono wake taratibu. "Nikirudi naye, bataniuliza juu ya nini ulikatala, na sitaweza kubaficha. Bertin, benzake ba kule pori banamuita kila siku, banamuonyesha bunduki yenye iko namungojea. Kazi ya taa ndo ilikuwa namukataza kwenda. Akisikia tulifaulu na mulitufukuza, ataenda leo leo. Acha niseme swali ya waya ndo ilitushinda."

Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaomba maji, akanywa. Akawapa mkono Clarisse na Bienfait, akawatakia safari njema, akashika njia ya kurudi Lubondja.