Mwendo wa Mishi

Shem Musili alimvuta Bi Mishi majini kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona akiteleza. Usicheke. Dereva wa boti ya kuvuta watelezi wa majini hana ruhusa ya kugeuza shingo. Macho yake ni ya mbele, kwenye njia kati ya maboya, na boti ikiyumba kidogo tu, mtelezi aliye nyuma amekwisha. Kioo cha nyuma kilikuwepo, lakini Musili hakukitazama, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni, na watu wa kanuni hujinyima mengi bila kuombwa. Kando yake alikaa Debra, mstaafu wa ofisi ya ardhi, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nyuma na kuhesabu.

"Alikuwaje?" Musili alimwuliza kila walipomaliza.

"Maboya manne."

"Manne nimesikia. Nauliza alikuwaje."

"Alikuwa sawa tu. Musili, wacha maswali, angalia mbele."

Ndivyo alivyolishwa, kwa kijiko, miaka ishirini na miwili.

Klabu yao ilikuwa na watu kumi na mmoja, na mdogo wao alikuwa na miaka hamsini na sita. Jumamosi asubuhi walikutana kwenye bwawa la shamba la zamani la kahawa, mbele kidogo ya Loresho, wakiwa na dawa za presha mfukoni na chai kwenye chupa. Mtelezi husimama juu ya ubao mmoja, ameshika kamba, akapita maboya sita kwa kwenda huku na huku. Akiyamaliza yote, kamba hufupishwa, anaanza tena, na ugumu unazidi. Anapoanguka ndipo hesabu yake inapoishia. Ukutani mwa banda lao palikuwa na ubao wa majina, na upande wa wanawake waliopita miaka sitini jina la juu kabisa lilikuwa la Mishi binti Mbarak: maboya manne, kamba ya tatu.

Mishi alikuwa mwenyeji wa Mtwapa. Baba yake alitengeneza injini za boti, na yeye akajifunza kuteleza nyuma ya kila injini iliyokuwa ikijaribiwa. Alipofiwa na mume alikuwa tayari Nairobi, na duka lake la vitambaa lilikuwa Biashara Street. Aliingia majini akiwa amejisitiri kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakutaka mtu ampige picha. Alisema nguo zilizolowa si za kuzungushwa kwenye simu za watu. Wala hakukubali kuvutwa na dereva mwingine ila Musili. Kwa hiyo kila alipokuwa majini, Musili alikuwa usukani, na mambo yakaishia hapo.

Musili mwenyewe alijifunza boti kwenye bwawa la Masinga, alipokuwa mfanyakazi wa wizara ya maji. Mkewe, Syokimau, alifariki mapema, na sasa aliishi Muthangari kwa binti yake Stacy. Watelezi aliwajua kwa namna walivyoivuta boti. Kaindi, daktari wa meno mstaafu, alivuta kama ng'ombe anayekataa josho. Mishi alivuta taratibu, kwa muda mrefu, kisha akaachia, na Musili akahisi boti imekuwa nyepesi na kifua chake kimekuwa kizito. Alimpenda. Hakuna aliyemkataza kusema. Yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya na yule ni mwanamke wa swala tano, naye akaifanya hiyo kuwa sababu, na alipochoka na hiyo akatafuta nyingine.

Mwezi wa tisa Mishi akatangaza kwamba anafunga duka. Binti yake Rumaisa alikuwa amemjengea chumba Malindi, na shindano la kufunga mwaka lingekuwa lake la mwisho. Wenzake wakamkumbatia. Musili akaenda kukagua mafuta ya boti ambayo alikuwa ameshayakagua. Kuanzia siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, kumvuta Mishi siku hiyo ya mwisho.

Sasa, klabu ilikuwa na desturi. Wiki moja kabla ya shindano hilo walikula mchana nyumbani kwa Debra, Loresho, na mmoja wao alisimama kumsifu mwenzake. Sharti lilikuwa sifa ziwe na ushahidi, zisiwe sifa za matangani. Mwaka huo Debra alimchagua Musili. Baada ya pilau akatoa faili nene, akavaa miwani, akakohoa.

"Mnajua boti yetu ni ya zamani, haina kompyuta ya kushika mwendo," alisema. "Mwendo ni mkono wa Musili. Kila safari ina muda wake, na kanuni inakubali uchelewe kidogo ama uwahi kidogo, kitu kama kupepesa jicho. Dereva mzuri hulenga katikati. Nimepitia karatasi zote za muda, miaka ishirini na miwili. Jameni, huyu mtu ni saa!"

Wakapiga makofi. Musili akatabasamu, kwa sekunde mbili hivi. Kisha akakumbuka, akasukuma sahani kando.

Debra akaanza kusoma. Kaindi, katikati. Kaindi tena, katikati. Waceke, katikati, katikati, katikati. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea mipaka ya mashamba kwa miaka thelathini, bila kusikia anachosema. "Mishi, ukingoni upande wa polepole. Mishi, ukingoni. Mishi, ukingoni. Mishi, ukingoni..." Hapo akageuza karatasi, akageuza nyingine.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Lakini hata wao hawakufikiria yangeweza kusomwa kwenye faili mbele ya klabu nzima. Kaindi ndiye aliyeanza kucheka.

"Aki Musili! Kumbe uko na mtu!"

Meza nzima ikacheka, na kilikuwa kicheko cha upendo, cha watu waliozeeka pamoja. Mishi hakucheka.

"Wenzangu wote katikati?" aliuliza.

"Wote," Debra akajibu kwa sauti ya chini.

"Na mimi peke yangu nikivutwa polepole."

"Iko ndani ya kanuni, Bi Mishi," Musili akasema. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, na ni mengi, hayo ndiyo aliyoyachagua.

"Sikukuuliza kanuni, Bwana Musili." Mishi alikunja kitambaa cha mkono, akakiweka kando ya sahani. "Jumamosi atanivuta Zaki."

Zaki alikuwa mpwa wake aliyemleta kwa gari, si mwanachama, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, aliyekuwa na cheti cha udereva wa boti ambacho hakuna aliyewahi kukihitaji. Alikuwa ameshika mfupa wa kuku. Akauweka chini.

Jumanne Musili alikwenda mjini. Dukani rafu zilikuwa nusu tupu na maboksi yamejaa sakafuni. Mishi alikuwa akifunga leso kwa kamba, mbilimbili, na hakuinua uso.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini? Wasema u ndani ya kanuni."

"Bi Mishi, tafadhali."

Akaacha kufunga. "Ule ubao wa majina, nimeutazama miaka saba. Siku mbaya, siku ya kukosa mteja, siku goti lanitesa, najiambia: Mishi, yale manne ni yako. Sasa niambie, ni yangu au ni yako?"

Musili alilijua jibu. Mwendo ukipungua kwa kiasi hicho, mtu hupata nafasi ya kuvuta pumzi moja zaidi kati ya boya na boya, na pumzi moja ni nyingi kwa goti la miaka sitini.

"Ulinionea huruma," Mishi akasema.

"Haikuwa huruma."

"Basi ilikuwa nini?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana wa kupitisha lori. Alifungua kinywa. Akaona maboksi, akaona mikono ya Mishi imetulia juu ya leso ikingoja, akaiona miaka yake sitini na tisa.

"Nilitaka ufike mbali," akasema mwishowe. "Niruhusu nikuvute Jumamosi. Katikati kabisa, naapa."

"Zaki atanivuta," Mishi akasema, akaendelea kufunga leso.

Musili alirudi Muthangari kwa miguu, magoti yakilalamika tangu Museum Hill. Alijichukia njia nzima, na alistahili.

Jumamosi aliazimia asiende. Lakini injini ile ilikuwa kongwe, haikuwaka kwa mtu mwingine bila matusi, kwa hiyo akaenda. Aliwavuta wote, mmoja mmoja, katikati. Zamu ya Mishi ilipofika, Musili aliiacha injini ikiwaka, akampa Zaki usukani, akashuka gatini. Alidhani angekaa garini mpaka kelele za boti ziishe.

"Wapi huko?" Mishi alikuwa ameketi ukingoni mwa gati, mguu umeshaingia kwenye ubao. "Njoo hapa. Simama kwenye ncha, pasiwe na mtu mbele yako."

"Bi Mishi, mimi..."

"Debra ameniona. Kaindi ameniona. Hata ng'ombe wa shamba hili wameniona. Wewe je?"

Musili akatikisa kichwa.

"Dukani nilikuuliza, hukunijibu. Haya, nyamaza sasa, lakini utazame." Akamgeukia mpwa wake. "Zaki! Katikati, mwanangu. Ukinihurumia sitakusamehe."

Alikuwa ameomba aanzie kamba ya tatu moja kwa moja. Kamba ikakaza. Mishi akainuka kutoka majini kana kwamba mtu amemwita kwa jina, na Musili akajikuta ameshika nguzo ya gati kwa mikono miwili. Kumbe ule mvuto mrefu aliouhisi miaka yote ni huu. Mishi alilalia upande, bega karibu liguse maji, mkono mmoja umenyooka hadi kwenye kamba, na nyuma yake maji yakasimama ukuta. Kisha akaachia, akasimama wima, akalizunguka boya la kwanza kwa utulivu wa mtu anayepita kona ya nyumba yake. Debra alikuwa amemwambia "sawa tu." Miaka yote hiyo, sawa tu! Musili alitaka kumzamisha Debra.

Boya la pili akalipita. Kwenda kwenye la tatu boti ilikuwa imemtangulia kidogo, kiasi cha kupepesa jicho. Musili aliliona pengo hilo kabla Mishi hajalihisi, na kiganja chake cha kulia kikasogea hewani, kikitafuta mkono wa gesi wa kupunguzia mwendo, ambao haukuwepo. Mishi akanyoosha mwili wote, ubao ukagusa upande wa boya, kamba ikamponyoka.

Maji yakafunga. Kisha mkono ukainuka kuonyesha kwamba hajaumia.

"Mawili na nusu!" Debra akapaza sauti.

Walipomleta gatini alikuwa anatetemeka na anacheka. "Futeni yale manne," alisema kabla hata ya kupewa taulo. "Andikeni haya. Haya ni yangu." Kaindi alikwenda kutafuta chaki, na wengine wakamfuata bandani, maana wazee nao wana akili ya kujua wakati wa kuondoka.

Musili akamfunika taulo mabegani. 

"Usiende Malindi," akasema. "Nakupenda, Mishi. Usiende."

Mishi akamgeukia. Kicheko kilikuwa kimetoka usoni, na maji yalikuwa bado yakimtiririka kwenye nyusi.

"Lori la mizigo laja Alhamisi," alisema polepole. "Duka lina mwenyewe mpya, na Rumaisa ameshatandika kitanda." Akashika ncha za taulo kifuani. "Mwaka gani ulishindwa kuniambia hivyo, Musili?"

Hakumwuliza kwa hasira, alitaka kujua kweli. Musili akaanza kuipitia ile miaka moyoni, mmoja mmoja, akitafuta ule ambao asingeweza kusema, na hakuuona.