Hongera, Umechaguliwa

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na ndiyo maana nimemharibia mtoto wa watu. Ngoja nieleze kabla sijaanza kujitetea.

Nina duka la kutoa kopi, mlango mmoja, mkabala na lango la sekondari ya kutwa. Wanafunzi huniita Mama Kopi. Wakimaliza mtihani wa mwisho huja niwajazie maombi ya vyuo, maana kompyuta za shule zimefungiwa ofisini kwa mkuu, zimefunikwa mashuka zisishike vumbi. Kwenye fomu kuna mahali pa namba ya simu, na hapo wengi hukwama. Simu ya nyumbani ni ya baba, na baba hutoka nayo alfajiri. Basi nikawa nawaandikia yangu. Mwaka huu walikuwa kumi na tisa, na kichwa kilinivimba, nikajiona mama wa mtaa mzima.

Mmoja wao nilimbatiza Hadubini. Shuleni kwao kulikuwa na hadubini moja, ndani ya kabati lenye kufuli, naye aliichungulia mara moja tu, dakika mbili, akaona ngozi ya kitunguu. Tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine: anataka kusomea maabara ya hospitali. Ngozi ya kitunguu! Mimi nimemenya vitunguu miaka thelathini na sijaona zaidi ya machozi yangu.

Baba yake ni fundi wa kuchomelea mageti, si mtu mbaya. Alimwambia mbele yangu, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Chuo kikikuita, nitajipinda. Kisipokuita, kiwanda cha sabuni kinatafuta wafungashaji. Wadogo zako wanakula kila siku."

"Kitaniita, Baba."

Akawa anakuja kila siku. Alikuwa akinifagilia duka bila kuombwa, kisha anauliza kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka.

"Mama, hakuna ujumbe?"

"Ukija nitakuita. Kwani unadhani nitaenda kusoma mimi?"

Wiki hiyo matapeli walinikalia kooni. Jumatatu nilishinda friji, Jumatano gari, Alhamisi wakili fulani akanitafuta anipe urithi wa mjomba nisiyemjua. Ijumaa adhuhuri, duka limejaa, simu ikalia tena. Nikasoma maneno ya mwanzo kwa sauti, kwa madaha yote: "Hongera, umechaguliwa!" Watu wakaangua kicheko. "Leo sijui wamenichagua kuwa waziri," nikasema, nikaufuta bila kuumaliza. Hadubini alikuwa kwenye benchi. Alicheka mpaka akajifuta macho.

Mwezi ukaisha. Alikuja kuniaga jioni moja, kesho yake anaanza kazi.

"Labda sikufanya vizuri kama nilivyodhani, Mama."

"Kukosa si kufa, mwanangu," nikamwambia. Nilijisikia mwenye hekima kweli.

Siku nne baadaye akaingia kijana mmoja aliyeomba chuo kilekile, ila yeye aliandika namba ya dada yake. Alitaka nimchapie barua yake ya kukubaliwa. Akaniwekea simu mezani, ujumbe uko wazi, nami nikausoma: "Hongera, umechaguliwa. Thibitisha nafasi yako ndani ya siku saba kwa namba ya siri ifuatayo." Ulikuwa umetumwa ile Ijumaa, adhuhuri. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita.

Niliwatoa wateja wote nje, nikafunga mlango, nikaingiza namba ya maombi ya Hadubini kwenye kompyuta. Vyuo vingine vilikuwa vimemkataa. Hiki kilikuwa kimejibu zamani: Amechaguliwa. Hakuthibitisha. Nafasi imetolewa kwa mwingine.

Nikapiga simu chuoni. Akapokea mwanaume mwenye sauti ya upole. Nilimbembeleza, nikadanganya kwamba mimi ndiye niliyemzaa, nikadanganya kwamba simu iliibiwa.

"Mama, orodha imeshafungwa. Aombe tena mwakani."

Nikamtukana. Akakata simu, na alikuwa na haki.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Nilikaa na wazo hilo kutwa nzima, na lilikuwa tamu, sitaficha. Saa kumi na moja nikajikuta nje ya kiwanda cha sabuni, wafanyakazi wanatoka. Alikuja anakohoa, unga mweupe kwenye nyusi, mikono imechubuka kwenye viungo vya vidole.

"Shikamoo, Mama. Umefuata nini huku?"

Sikuitikia hata salamu. Nikamwambia yote palepale, karibu na ukuta, watu wakitupita: ujumbe, kicheko, siku saba, na kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Kwa hiyo nilichaguliwa?" akauliza.

"Ulichaguliwa, mwanangu. Lakini nafasi—"

"Nilichaguliwa!"

Akatabasamu, meno yote nje. Sijapata kuona uso uliofurahi namna ile, na nilijichukia.

"Imeandikwa mahali?"

"Imeandikwa. Chini yake imeandikwa kwamba nafasi amepewa mwingine."

Akafikiri kidogo, anasugua ule unga kwenye nyusi. "Nichapie ile ya juu tu, yenye jina langu. Nataka Baba aione."

"Tutaomba tena mwakani. Nitakuja mwenyewe kwa baba yako, nimpigie magoti."

"Sawa, Mama." Alinijibu kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa anayesema atapona.

Asubuhi nilifungua duka mapema kuliko siku zote. Nikachapa ule ukurasa, nikachukua mkasi, nikakata sehemu ya chini. Alipita akiwa tayari na aproni ya kiwandani. Akasoma jina lake amesimama mlangoni, akalisoma tena, akaikunja karatasi mara nne na kuiingiza kifuani.

"Ahsante sana, Mama," akasema, na alimaanisha. Kisha akaondoka anakimbia, maana lango la kiwanda hufungwa saa moja kamili.