Ngazi ya Sentimita Arobaini na Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota ngazi ya basi inaniita kwa jina langu kamili.

"Dafroza Mkude," ilisema. "Njoo hapa."

Niliitika abee, maana ndivyo nilivyolelewa, hata anayeita akiwa bati. Ilikuwa ngazi ya kwanza, ile unayoikanyaga ukitoka chini, na nilikuwa nimeichora mwenyewe. Ninafanya kazi kwenye karakana ya kuunda mabodi ya mabasi hapa Morogoro. Chasisi huletwa uchi, sisi tunazivika. Mimi ndiye mchoraji. Mchoro wa basi jipya ulitakiwa uwe mezani kwa Bwana Kobelo, mkuu wa karakana, leo saa mbili asubuhi. Saa tatu mafundi wanaanza kukata chuma cha mabasi sita, na chuma kikishakatwa na kuchomelewa, watu watakipanda hivyo hivyo kwa miaka kumi na tano.

"Nina urefu gani kutoka ardhini?" ngazi iliuliza.

"Sentimita arobaini na mbili."

"Ulimpima nani?"

Hapo nikajifanya natafuta fomu.

Kwenye fomu yetu ya vipimo kuna mstari ulioandikwa "mama mtu mzima". Karakana nzima ni wanaume na mimi. Mama mtu mzima ninayemfahamu ni Shangazi Leokadia, dada yake baba, ambaye ninaishi kwake. Lakini utamwambiaje shangazi yako apandishe kitenge umpime mguu? Nyumbani kwetu neno hilo halitoki mdomoni. Nilizunguka naye jikoni siku tatu, futi ya kupimia ikiwa mfukoni, tukaongea habari za mchicha. Siku ya nne nikajaza namba niliyoitoa kwenye kitabu cha vipimo vya wastani vya watu.

"Nilimpima mtu," nilisema.

"Mwite."

Akaja. Alikuwa mwanamume wa kawaida mno. Shati lilimkaa. Viatu vilimkaa. Alipoegemea ukuta, ukuta nao ulimkaa. Alijitambulisha kuwa yeye ni Bwana Wastani, mkazi wa ukurasa wa sitini na moja.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba ya kiasi," alijibu.

Alikuwa na watoto wanne na nusu, na miguu miwili kasoro kidogo. Alieleza kwamba duniani wapo watu wenye mguu mmoja, na hesabu haikuweza kuwaacha nje. Ndiyo sababu alichechemea, ila kidogo sana, mara moja kila baada ya hatua mia. Alipanda ile ngazi bila kubadilisha pumzi, akashuka, akapanda tena.

"Kila kitu kinanitosha," alisema. "Viti, milango, masinki. Nasafiri sana. Ila sijawahi kukaa na mtu pembeni. Kila nikipanda, naambiwa gari limetengenezwa kwa ajili yangu, basi nakuta niko peke yangu."

Nilimhurumia, lakini sikujua ninyooshe mkono au nisinyooshe, kwa hiyo nilirekebisha kalamu yangu mfukoni.

Sasa tuko barabara ya Iringa. Hatukuondoka karakana, karakana ndiyo iliyoondoka.

Bwana Kobelo ameandika ukutani, kwa rangi nyekundu, ABIRIA KWANZA. Kwenye ndoto maneno hayo yametekelezwa. Abiria wamewekwa kwanza na basi bado. Wamekaa hewani, wawili wawili kila upande, mikono magotini, wanakwenda kilomita themanini kwa saa. Vilemba vinapepea. Hakuna anayelalamika, isipokuwa baba mmoja anayeomba dirisha lifungwe.

"Dirisha litakuja, mzee," Bwana Kobelo anamwambia. Naye yuko hewani, ameshika kikombe cha chai. "Tunaenda kwa utaratibu."

Kisha tuko kituoni, na basi limeshakuja. Ni lile nililolichora. Linang'aa. Kila kiti kina chaji ya simu, jambo ambalo Bwana Kobelo humwambia kila mteja kabla hata ya salamu. Kwa hiyo simu ndizo zinazopanda kwanza. Zinapanda zenyewe kwa foleni, zinakaa kila moja kwenye kiti chake, zinajichomeka. Wenye simu wamebaki chini.

"Unaona?" Bwana Kobelo ananiambia. "Hata ndege hazina hivi!"

"Ndege zinazo," nasema.

"Nani kasema?"

"Hakuna."

Chini, mbele ya mlango, amesimama Shangazi Leokadia. Amevaa kitenge chake cha majani ya kijani, kikapu cha magimbi kichwani. Anaitazama ngazi yangu. Ngazi nayo inamtazama. Konda wa basi hili ana mikono sita, yote ya kusukumia.

"Asinisukume," Shangazi anasema.

"Sasa mama, nisipokusukuma utapandaje?" konda anauliza. "Nikutumie kwa posta?"

Simu ya Shangazi inalia ndani ya basi, kiti cha tatu. Inajipokea yenyewe. Naisikia sauti ya Shangazi Tekla, mdogo wake, kutoka Kilosa: "Dada umefika wapi?"

"Leokadia yuko chini," simu inamjibu. "Mimi nimepanda."

Nikasogea. Kwenye ndoto miguu yangu haikuwa mizito, na hilo lingetosha kunijulisha kwamba ni ndoto.

"Shangazi, ni yale magoti yanayokuzuia kupanda?"

"Magoti ndiyo ninayowaambia watu," alisema, bila kushusha kikapu. "Mwaka juzi konda alinisukuma kwa nyuma, kwa mikono yake miwili, kama gunia la mkaa. Mbele ya wakwe zangu. Kitenge kikapanda mpaka sijui wapi, wao wanatazama juu, wanahesabu nyaya za umeme. Nikageuka nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo Tekla namsikia kwenye simu tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Basi lilizima injini ili lisikie vizuri.

Nikatoa futi mfukoni. Nikaivuta, ikarudi ndani ya kasha lake kwa kishindo. Nikaivuta tena, ikarudi tena.

"Naona haya," futi ikasema kutoka ndani.

"Hata mimi," nikaiambia.

"Ninyi wawili mna nini?" Shangazi akauliza.

"Tulitaka kukupima. Unapoinua mguu, unafika wapi. Lakini kitenge..."

"Kitenge kitakaa palepale kilipo. Una chaki?"

Nilikuwa nayo, ile chaki ya bluu ya karakana. Shangazi akasimama kwa mguu wa kushoto. Akauinua wa kulia polepole, kama mtu anayevuka kizingiti huku amebeba mtoto aliyelala, mpaka ukakataa kupanda zaidi. Nikapiga magoti kwenye vumbi la kituo na kuchora mstari juu ya kitenge, kwenye mguu aliousimamia, usawa wa wayo ulipoishia. Hakuna kilichofunuliwa. Hakuna aliyehesabu nyaya.

Ikachukua muda mfupi kuliko habari za mchicha.

Futi ikatoka yenyewe, ikasoma: "Ishirini na nne."

Konda akaiweka mikono yake sita mfukoni, ikabidi aazime mifuko ya wenzake.

"Nishushe," ngazi ikasema. "Tangu mwanzo nilikuwa nakusubiri uniambie."

"Na mimi?" Bwana Wastani akauliza kutoka mlangoni. "Bado itanitosha?"

"Itakutosha."

"Na yeye itamtosha?"

"Naye."

Akafikiri, akachechemea mara moja, akaingia akakaa kwenye kiti, akaacha nafasi ya dirishani.

Ndipo basi lilipopiga goti. Lilishusha upande wake wa mlango taratibu, upepo ukitoka kwenye matairi, kama binti anayemsalimia mkubwa wake.

"Shikamoo," basi likasema.

"Marahaba," akajibu Shangazi, akapanda na kikapu chake, hakushikwa na mtu.

Niliamka saa kumi na mbili kasorobo. Mchoro ulikuwa mezani nilipouacha. Arobaini na mbili, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliuangalia kwa muda. Ndoto ni ndoto, nikajiambia, na kitabu kimeandikwa na watu waliosoma kunizidi.

"Dafroza!"

"Abee, Shangazi."

"Hebu toka huku nje! Nani kanichorea kitenge changu?"

Alikuwa uani, ndoo mkononi, amefunga kile kitenge cha majani ya kijani. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, kwa mbele, palikuwa na mstari. Wa bluu, umenyooka. Chaki ya bluu Bwana Kobelo huifungia kwenye droo yake, na ufunguo hulala naye.

"Jana nimekianua safi, nimekikunja mwenyewe," Shangazi alisema. "Humu ndani hamna mtoto. Haya, niambie."

Nilirudi ndani nikachukua futi. Nikapiga magoti mbele yake.

"Usisogee, Shangazi. Naomba."

"Wewe, una wazimu leo?"

Kutoka chini hadi kwenye mstari zilikuwa sentimita ishirini na nne. Niliiachia futi. Haikurudi ndani. Ilibaki imenyooka hivyo hivyo, inasubiri.

Zilikuwa zimebaki saa mbili na dakika chache. Kushusha ngazi na kuongeza nyingine moja juu yake huchukua saa moja, ukiwa na penseli kali. Kumwambia Bwana Kobelo kwamba namba ya kwanza niliitoa kitabuni bila kumpima mtu kutachukua dakika tano, na hizo ndizo nilizoziogopa. Ila kulikuwa na jambo la kutangulia.

"Shangazi," nilisema, nikiwa bado chini. "Nataka kukuuliza habari za Kilosa. Siyo habari za magoti."

Aliutazama ule mstari. Kisha akaiweka ndoo chini, akakaa juu ya kibaraza, akakivuta kitenge vizuri ili mstari usifutike.

"Uliza," akasema.