Damu Niliyoisingizia Cherehani

Akina mama wenzangu, mimi nimesoma shule ya msingi tu, mnivumilie. Mwanangu ameniruhusu niandike haya ili binti wa mwingine asicheleweshwe kama nilivyomchelewesha yeye.

Huyu ni kitindamimba wangu, ana miaka ishirini na sita, ameolewa na dereva wa lori. Tunashona naye sare za shule, chumba kimoja, cherehani mbili za miguu. Siku moja nikaona kila saa anakwenda chooni, na sketi ameigeuza nyuma mbele.

"Si ulimaliza siku zako juzi?" nikamuuliza.

"Nilimaliza, mama. Hii inakuja tu yenyewe. Matone. Mwezi wa pili huu."

Nikautazama mguu wake juu ya pedali, nikajipa udaktari. Nikasema ni pedali hiyo, inamtikisa tumbo kutwa nzima. Nikamhamishia kwenye vifungo na pindo. Wiki mbili, kimya, hata tone. Nilivyojisifu! Mpaka fundi jirani nikamwambia naye amtoe binti yake kwenye pedali.

Wiki ya tatu damu ikarudi, tena nyingi kuliko mwanzo. Hapo roho ikaniruka. Shangazi yangu alianza hivihivi, akanyamaza, na saratani ya mlango wa kizazi ikamchukua. Kesho yake asubuhi tukawa kituo cha afya.

Nikamsimulia nesi habari za shangazi, naye akaanza maswali. "Siku zako zinakuja baada ya siku ngapi?"

"Ishirini na nane," nikajibu mimi.

"Unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango?"

"Hatumii," nikajibu tena mimi.

Nesi akaweka kalamu mezani. "Mama, mgonjwa nani hapa?"

"Huyu."

"Mbona mdomo wake haujashonwa? Hebu utusubiri nje kidogo."

Nikatoka nimenuna. Waliponiita tena, mwanangu alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, vidonge nameza. Tulikubaliana na mwenzangu tungoje kidogo kuzaa. Na siku nyingine nasahau. Halafu... damu inakuja tukishakuwa pamoja."

Nikahesabu kichwani. Zile wiki mbili za kimya, mkwe wangu alikuwa safarini na lori! Ningeona shimo pale ningejitumbukiza.

"Vidonge vikirukwa vinaweza kuleta matone," nesi akasema. "Sindano na kitanzi pia. Yapo maambukizi, upo uvimbe wa kizazi, ipo mimba changa yenye matatizo. Na saratani ipo, ingawa si mara nyingi. Ndiyo maana tunapima, hatubahatishi. Pedali sijawahi kuisikia."

"Nilimwambia mimi!" mwanangu akadakia.

"Hukuniambia lolote, wewe. Ulishona vifungo."

Walipima mimba, haikuwepo. Daktari alipomwangalia, akakuta kinyama kidogo kama punje ya maharage kinaning'inia kwenye mlango wa kizazi. Kikiguswa tu, kinatoa damu. Akakiondoa palepale. Mwanangu anasema kilifinya, basi. Daktari akasema vinyama vya namna hiyo kwa kawaida havina ubaya, lakini lazima kipelekwe maabara, majibu baada ya wiki mbili.

Hizo wiki mbili msiniulize. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Kila mwanangu akitoka chooni nilimtazama usoni, naye akitikisa kichwa: hakuna kitu, mama. Hata mumewe aliporudi, hakuna kitu.

Siku ya majibu, nesi alisoma karatasi taratibu. Hakina saratani. Maambukizi hakuna. Vidonge ameambiwa ameze saa ileile kila siku, na damu ikionekana tena arudi, asingoje mwezi wa pili.

Nikapasuka kilio.

"Mama, jamani! Lilia nje, unawatisha wagonjwa," mwanangu akasema, na yeye machozi yanamtoka, anacheka.

Nesi akanigeukia. "Na wewe mama, mlango wa kizazi umepimwa lini?"

"Mimi? Na uzee huu?"

"Na uzee huohuo. Ukiwa na shangazi kama yule, unangoja nini?"

Nikampa mwanangu pochi yangu anishikie, nikavua viatu, nikapanda kitandani.